Maswali ya Wasomaji: Paa Linavuja Pale Bomba la Moshi Linapotokea

Barua nne za safari hii zinatoka kwa watu wanaochemsha kitu kitamu chini ya bati: watatu wako Amerika Kaskazini kwenye shira ya mepo (utomvu wa mti wa mepo uliochemshwa mpaka ukawa mzito), mmoja yuko magharibi mwa Kenya kwenye sukari guru. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu nyingine zinaiegemea.

SWALI: Ndugu mafundi, salaam. Mimi na shemeji yangu tumekodi kibanda cha kupikia shira ya mepo hapa Vermont. Jiko ni la kuni, upana futi 2 na urefu futi 6. Bomba la moshi ni la bati la ganda moja, kipenyo sentimita 30. Paa ni la bati la migongo, mteremko kama nyuzi 30, na bomba linatokea mita moja na nusu hivi chini ya kilele cha paa. Mvua ikinyesha, maji yanateremka na bomba mpaka kwenye karai. Kwanza tulipaka lami ya paa, ikayeyuka na kunuka. Kisha tukapaka silikoni nyekundu ya joto kali, ikapasuka kabla msimu haujafika katikati. Sasa dukani wametuonyesha kola ya mpira ya kuvalisha bomba. Tuichukue?
Mpika shira, Vermont, Marekani

JIBU: Msiichukue, angalau si kwa bomba hili. Mpira mweusi wa kola za paa umetengenezwa kwa joto la nyuzi 115 hivi za Selsiasi, na ule mwekundu huvumilia 200 na ushei. Silikoni ya joto kali kwa kawaida huandikwa nyuzi 260 kwa kazi ya kudumu na 315 kwa muda mfupi. Moshi unaotoka chini ya karai la nyuma, kuni kavu zikikolea, huwa kati ya nyuzi 300 na 500, na mara nyingine hupita hapo. Bati la bomba huwa na joto pungufu kidogo ya moshi, lakini si pungufu ya kuuponya mpira.

Hata mngepata gundi isiyoungua, bado ingeshindwa, kwa sababu bomba lenu linatembea. Mita moja ya chuma ikipanda joto kwa nyuzi 100 hurefuka milimita 1.2, stenlesi hurefuka 1.7. Chukueni bomba lililosimama juu ya jiko, na paa likiwa mita 3 juu ya kitako chake. Asubuhi ya Machi bomba lina baridi ya barafu, saa moja baadaye lina nyuzi 300. Pale kwenye paa limepanda milimita 11, na moto ukizimwa linashuka milimita 11. Paa lenyewe halijasogea. Kitu chochote kilichogandishwa bomba huku na paa kule kitachanika, na kinachanika upande mmoja kwanza, ndiyo maana uvujaji huanza kama mstari mwembamba halafu unapanuka kila mkipika.

Kwa hiyo wazo la kuziba liachwe. Maji ya paa huongozwa kwa kupandana, cha juu kikifunika cha chini kama makuti yanavyoezekwa, na vyote viwili vikiwa huru. Mnahitaji vipande viwili: shingo iliyofungwa kwenye paa, isiyogusa bomba, na sketi iliyofungwa kwenye bomba, isiyogusa shingo. Sketi inaifunika shingo kwa juu. Bomba likipanda, sketi inapanda nalo, na maji hayajui kama kuna kilichosogea.

Kabla ya kukata bati, hakikisheni maji yanaingilia wapi. Jiko likiwa baridi na siku ikiwa kavu, mmoja apande na mpira wa kumwagilia, mwingine akae ndani na tochi. Anzeni kumwaga chini ya tundu, dakika tano. Kisha kando zake, kisha upande wa juu kuelekea kilele, na mwisho kabisa bomba lenyewe. Mkianzia juu maji yatapita kila mahali kwa pamoja na hamtajua lipi ni lipi. Maji safi yanayotambaa nje ya bomba yanatoka kwenye mwanya kati ya bomba na paa. Maji yanayodondoka kutoka kwenye mbao, mbali kidogo na bomba, yameingia chini ya bati au kwenye tundu la skrubu. Maji meusi ndani ya jiko yameingilia mdomo wa bomba, na hayo tunayajibu kwenye barua ya tatu.

Tuanze na sketi, maana hiyo peke yake inaweza kuwavusha msimu mmoja. Vipimo vyake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye karatasi ya stenlesi ya geji 26, chora nusu duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 50. Kutoka sehemu ileile ya katikati, chora nyingine ya sentimita 30. Acha ulimi wa sentimita 3 kwenye ncha moja kwa ajili ya ribiti, kisha kata. Ukikunja kipande hicho mpaka ncha mbili zikutane, unapata koni yenye tundu la sentimita 30 juu, upana wa sentimita 50 chini, na kimo cha sentimita 17. Kwa bomba la kipenyo kingine kanuni ni ileile: kipenyo cha bomba ndicho nusu kipenyo cha duara dogo, na upana mnaoutaka chini ndio nusu kipenyo cha duara kubwa. Faida nyingine ni kwamba sketi inazungushwa bomba likiwa limesimama na kupigwa ribiti hapohapo juu ya paa, hakuna haja ya kulishusha. Bati la zinki pia linafanya kazi, ila zinki hupoteza nguvu joto likikaa juu ya nyuzi 200, na sketi imekaa kwenye bomba lenyewe. Baada ya misimu michache itaota kutu kabla ya kitu kingine chochote.

Mkichora, ongezeni sentimita 2 upande wa ndani wa duara dogo, zichaneni kila baada ya sentimita 3, na mzisimamishe ziwe meno yanayokumbatia bomba. Meno yazungushiwe kamba ya nyuzi za kioo ya milimita 6, ile ya milango ya majiko, kisha mkanda wa stenlesi wenye bolti ukazwe juu yake. Hapa ndipo silikoni nyekundu ina kazi: mstari mwembamba juu ya mkanda. Sketi na bomba vinapanda na kushuka pamoja, hakuna kinachoivuta. Kama bomba lenu huwa jekundu usiku, tumieni saruji ya jiko badala yake, na kwa kweli chunguzeni kwanza kwa nini moto mwingi hivyo unakimbilia angani badala ya kukaa chini ya karai. Kwa vyovyote mstari huo ukaguliwe kila mwaka kabla ya kuwasha.

Sasa shingo. Kipenyo chake kiwe sentimita 38, ili pabaki mwanya wa sentimita 4 pande zote za bomba. Mwanya huo msiuzibe. Unapitisha hewa na kulinda bati la paa, na mvua haiufikii kwa kuwa uko chini ya sketi. Bati la kukunja liwe na urefu wa sentimita 119 na nusu, kisha mwongeze 3 za kupandana. Kwa mteremko wa nyuzi 30, chini ya shingo hukatwa kwa kuinama: upande wa kuelekea kilele ukiwa na kimo cha sentimita 20, upande wa chini utakuwa na 42. Msipunguze zile 20. Theluji ikilala juu ya paa na kuyeyuka kwa joto la bomba, maji hujikusanya nyuma ya shingo, na shingo fupi huyaruhusu yaingie.

Shingo inakaa juu ya bati bapa la geji 24. Bati la kawaida la kuezekea la geji 30 ni laini mno kwa kazi hii, litalegea kati ya mgongo na mgongo. Kwa kuwa bomba lenu liko mita moja na nusu tu kutoka kileleni, bahati ni yenu: kateni bati bapa moja lenye upana wa sentimita 90 na urefu wa 225, linatoka kwenye karatasi moja ya futi 4 kwa 8. Lilale juu ya migongo ya bati la paa, ncha ya juu iingie chini ya kofia ya paa (bati linalofunika kilele), ncha ya chini ipite shingo kwa sentimita 30. Maji yanayotoka kileleni yatakuwa juu ya bati hilo tangu mwanzo, hayana pa kuingilia. Kosa linaloonekana kwenye vibanda vingi ni bati dogo la mraba lililobandikwa juu ya bati la paa, ukingo wa juu ukiwa wazi na kuzibwa kwa gundi. Kila tone linaloteremka bondeni linakwenda moja kwa moja chini ya ukingo huo.

Tundu la shingo kwenye bati bapa ni la yai, si duara. Kwa nyuzi 30 upana ni 38 na urefu ni 44. Kwa paa la nyuzi 45 urefu ungekuwa 54. Kateni dogo zaidi, 35 kwa 41, kisha mgonge ukingo uinuke sentimita 1 na nusu kuzunguka pote. Shingo ivae kwa nje ya ukingo huo, mstari wa silikoni katikati, ribiti kila baada ya sentimita 3. Maji yakitaka kupenya italazimu yapande ukuta wa sentimita moja na nusu. Mahali pa tundu pasikisiwe kwa macho: tumieni timazi kutoka paa hadi katikati ya tundu la jiko. Bomba lililoinama hata sentimita 2 litaisogelea shingo upande mmoja, na mwanya wa upande wa pili utakuwa mpana kuliko sketi ilivyokusudiwa.

Skrubu zenye washa ya mpira zipigwe mgongoni mwa bati kila sentimita 15, kando mbili na chini. Upande wa juu kofia ya paa inatosha. Chini ya kando mbili lazeni utepe wa butili (mpira unaonata), hapo ni mbali na joto. Sketi ifungwe mwisho, jiko likiwa baridi, ukingo wake wa juu ukiwa sentimita 10 juu ya mdomo wa shingo. Hapo ukingo wake wa chini utakuwa sentimita 7 chini ya mdomo wa shingo na sentimita 6 nje yake. Bomba likipanda milimita 11 bado mtabaki na karibu sentimita 6 za kufunika, na hizo zinatosha kwa mvua ya upepo.

Mkiwa mmefungua paa, angalieni mbao. Bomba la ganda moja linatakiwa kuwa sentimita 46 kutoka kwenye kitu chochote kinachoweza kuungua, hicho ndicho kipimo cha kanuni za Marekani, inchi 18. Kwa bomba la 30 ina maana fremu ya wazi ya sentimita 122 kwa 122 bila papi wala boriti ndani yake. Bati peke yake ndilo linaloingia humo. Boriti ya paa ikikatwa, iungwe kwa boriti za kukingama pande zote mbili. Kenchi za kiwandani msizikate kabisa bila mhandisi. Kama nafasi haipo, nunueni kipande cha bomba la maganda matatu kwa sehemu ya kupita paa tu, na mfuate umbali uliopigwa chapa juu yake. Kibanda ni cha kukodi, kwa hiyo mwenye nyumba na bima yake wajue, na ofisi ya zimamoto ya mji wenu ipigiwe simu kabla, si baada.

Jambo la theluji tusilisahau. Kwenye bati theluji haiondoki kidogokidogo, inaporomoka kwa mkupuo, hasa Machi mnapoanza kupasha paa joto. Ikikuta shingo, inaikunja. Upande wa juu wa shingo funga kigawa theluji: vyuma viwili vya pembe vilivyokutana kama herufi V, ncha ikielekea kileleni, bolti zikishika boriti na si bati tupu. Waya za kushikilia bomba ziwe tatu, zigawane duara sawasawa, na kila moja iwe na springi. Waya iliyokazwa kabisa kwenye bomba baridi hukatika au kung'oa ndoano linapopata moto.

Msimu ukiwa umeshabisha hodi na hamna muda wa haya yote, kwangueni lami na silikoni ya zamani, mfunge sketi tu juu ya tundu lililopo, na shingo mfanye Oktoba kabla ya theluji. Na msijaribiwe na bati la risasi, ingawa huuzwa kwa kazi za paa: huyeyuka nyuzi 327, na chini yake kuna chakula.

SWALI: Mafundi, habari za leo. Sisi tuko Quebec. Paa letu halina shida mvua ikinyesha, ila tukichemsha siku ya jua kabisa linadondosha matone kila mahali, hata juu ya karai la shira, na matone yana rangi ya kutu. Fundi wa hapa anataka kubadilisha bati lote. Je, ni lazima?
Mama Neema, Quebec, Kanada

JIBU: Shikilia pesa zako, Mama. Paa linalovuja siku ya jua halivuji. Mvuke wenu unagonga bati la baridi na kugeuka maji. Utomvu wa mepo una sukari kama asilimia 2, kwa hiyo kupata lita moja ya shira unachemsha lita 43 hivi, na zile 42 zote zinaondoka kama mvuke. Zikikosa njia ya kutoka zitakaa kwenye bati, zichukue kutu na masizi, zirudi karaini.

Bati jipya litadondosha vilevile. Kinachotakiwa ni kofia ya stenlesi au alumini juu ya karai la nyuma, ambako mchemko ni mkali zaidi, na bomba lake la mvuke linalotoka paani peke yake. Kingo za ndani za kofia zikunjwe kuwa mfereji wa sentimita 3 hadi 4, wenye mteremko kuelekea kwenye kibomba cha kutolea maji nje. Bomba la mvuke nalo hudondosha kwa ndani, kwa hiyo kitako chake kiingie ndani ya kofia na kuzungukwa na mfereji, yale matone yasianguke moja kwa moja. Maji hayo ni ya moto na safi kiasi. Wengi huyatumia kuoshea vyombo.

Kama hamtaki kofia, fungueni milango ya mnara wa kileleni (kijumba cha kutolea mvuke juu ya paa) kikamilifu mnapochemsha na muache hewa iingie chini, karibu na sakafu. Mnara ukifunguliwa huku madirisha yote ya chini yamefungwa, mvuke hauna kinachousukuma, unazungukazunguka tu.

Na ile kola ya mpira tuliyomkataza msomaji wa Vermont, nyinyi chukueni. Mvuke hauzidi nyuzi 100 na mpira mweusi unavumilia 115, tena bomba la mvuke linasogea milimita chache tu. Kateni tundu la kola dogo kuliko bomba kwa asilimia 20 hivi, likaze. Ila bomba la moshi na la mvuke yasipite tundu moja hata mkibanwa na nafasi.

SWALI: Msimu ukiisha Aprili tunafunga kibanda mpaka Februari. Tukirudi tunakuta maji ndani ya jiko na vyuma vya kukalia kuni vimeliwa. Bomba lilikuwa na kofia ya pembe tatu juu lakini tuliing'oa kwa sababu moshi ulikuwa unarudi. Tuirudishe?
Msomaji, Maine, Marekani

JIBU: Mlifanya sawa kuing'oa. Kofia ya kudumu inabana moshi, na jiko la shira linahitaji mvuto mkubwa kuliko jiko la nyumbani. Juu ya hayo lami ya moshi hujikusanya chini yake. Lakini bomba la sentimita 30 lililo wazi hupokea lita 1.8 kwa kila milimita 25 za mvua. Kwa mwaka wa milimita 1,000 ni lita 70, zote zinaishia kwenye jiko.

Tumieni kifuniko cha bawaba: sahani ya bati yenye uzito upande mmoja, inayojifunga yenyewe, na mnyororo mwembamba unaoshuka hadi ndani wa kukifungulia. Mnyororo, si kamba ya nailoni, kamba itaungua kwenye moto wa kwanza. Sahani ipite ukingo wa bomba kwa sentimita 4 na iwe na mdomo ulioinama chini. Kwa usalama, ncha ya mnyororo ndani ya kibanda ifungwe kwenye mpini wa mlango wa jiko, hivyo kwamba huwezi kufungua mlango kuwasha moto bila kuushika mnyororo. Kuwasha huku kifuniko kimefungwa kunajaza kibanda gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na watu hufa nayo.

Asiyetaka bawaba anaweza kushusha vipande vya juu vya bomba mwisho wa msimu, akavihifadhi ndani vikiwa vikavu, na kufunika mdomo wa shingo kwa sufuria kuukuu iliyofungwa kwa waya. Vipande vilivyolala ndani miezi kumi hudumu zaidi ya vilivyosimama nje.

Kuhusu vyuma kuliwa: mvua si mkosaji peke yake, kuna majivu. Majivu ya kuni yakilowa hutoa magadi makali, na yakilowa na kukauka mwaka mzima juu ya chuma na matofali ya jiko, yanavitafuna vyote. Siku ya mwisho ya kuchemsha, subirini jiko lipoe kabisa, zoeni majivu yote mpaka chini ya vyuma, pigeni brashi masizi ya chini ya karai, na muache mlango wa jiko wazi kidogo hewa ipite.

SWALI: Hamjambo wazee wa kazi? Mimi natengeneza sukari guru huku Busia. Dohani yangu ni ya matofali, mraba wa sentimita 80, na inatokea katikati ya mabati. Fundi alipiga lipu ya saruji pale bati linapokutana na tofali, ikawa nzuri mwezi mmoja halafu nyufa. Amerudia mara mbili. Saruji yake ndiyo mbaya ama?
Mkulima wa miwa, Busia, Kenya

JIBU: Hatujambo. Saruji ni nzuri, mahali ndipo pabaya. Bati la mita 6 likipigwa jua na kupanda nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 3, jioni linarudi. Tofali halifanyi hivyo. Lipu iliyoshika vyote viwili itapasuka hata ichanganywe na nani, tena yako iko kando ya dohani yenye moto.

Chagua mstari wa maungio ya matofali ulio sentimita 15 hivi juu ya bati, uchimbe kwa patasi kina cha sentimita 2 na nusu, dohani yote. Chini yake funga mabati ya kona: upande mmoja umelala kwenye paa, upande wa pili umesimama dhidi ya tofali sentimita 12, bila kupigwa msumari kwenye tofali. La upande wa juu liingie chini ya bati la paa, la upande wa chini lilale juu yake. Kisha kata mabati mengine ya kufunika: ukingo wa juu ukunjwe uingie kwenye ule mfereji, ubanwe kwa kabari za bati kila sentimita 30, halafu mfereji ujazwe saruji. Yateremke mbele ya mabati ya kona kwa sentimita 8 bila kufungwa nayo. Saruji hapo imeshika tofali na kipande kimoja tu, haina ugomvi na paa.

Kwa kuwa dohani ina sentimita 80, maji ya mvua kubwa yatatuama nyuma yake. Jenga kipaa kidogo cha mgongo upande wa juu, cha kugawa maji kulia na kushoto. Kimo cha sentimita 15 katikati kinatosha kwa mabati ya mteremko wa kawaida. Mbao za kipaa hicho zisiguse tofali. Tumia vyuma vya pembe, au acha sentimita 5 na uzifunike kwa bati.

Lipu ya zamani ibandue yote kwanza. Ukiweka bati juu ya vipande vyake, litainuka na kuacha mdomo wazi upande wa mvua.